Pikipiki Haina Kaunti

Minjila, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, ni njia panda. Barabara ya Malindi ikishamaliza kilomita 100 na ushei za nyika hufika hapo ikajigawa: mkono mmoja unaufuata Mto Tana kwenda juu, Hola na Bura hadi Garissa, mwingine unashika mashariki, unapita Gamba na Witu hadi Mokowe, ambako msafiri wa Lamu huacha magurudumu akapanda boti. Mji wa Garsen uko hapo jirani. Na popote basi linaposimama kuna steji ya bodaboda: Boxer na TVS zimepangwa kivulini, viti vimefunikwa vitambaa jua lisivichome, na nyingine zimechomelewa keria ya chuma ya kubebea mkaa, madebe ya maji, mbuzi, na ikibidi mgonjwa.

Ukizisoma namba zake, zote zinaanza na KM. Hakuna herufi ya Tana River, wala ya Kilifi, wala ya Lamu. Pikipiki iliyonunuliwa Mombasa juzi na ile iliyozeekea Bura zimevaa sare moja. Kwa mpita njia hilo ni jambo dogo. Kwa kijana anayetaka kuhamisha kazi yake kutoka Malindi kuja Garsen, au aliyepata pikipiki ya bei ya chini Garissa akataka kuileta Ngao, ndilo swali lenyewe: akivuka mpaka wa kaunti, sheria inamtaka afanye nini?

Kwa upande wa usajili, hafanyi lolote. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inalijua daftari moja tu la vyombo vya moto kwa nchi nzima, na sheria ya 2012 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, imeliweka daftari hilo chini ya mamlaka hiyo. Katiba ya 2010 ilipozaa kaunti 47 haikuligawa. Jedwali lake la Nne liliiachia serikali ya kitaifa mambo ya trafiki barabarani, likazipa kaunti barabara zake, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Hapo ndipo mwanaboda anapokatwa vipande viwili: chuma chake ni cha Nairobi, kazi yake ni ya Hola, makao makuu ya kaunti.

Mambo yangeweza kuwa vingine, na kwingineko ni vingine. Hizo Boxer za Minjila ni za Bajaj, kampuni yenye makao yake Pune katika jimbo la Maharashtra, na TVS asili yake ni Tamil Nadu. Huko zinakozaliwa, pikipiki hubeba jimbo lake kifuani: MH ni Maharashtra, TN ni Tamil Nadu. Sheria ya magari ya India ya 1988 inasema chombo kikikaa zaidi ya miezi 12 katika jimbo lisilo lake, mwenyewe ni lazima aombe namba mpya ya jimbo alilohamia, na kabla ya hapo apate barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kule alikotoka. Kodi ya barabara nayo hulipwa kwa jimbo jipya, na ile aliyolipa mwanzo inabidi aidai arudishiwe, kazi inayotaka moyo. Kilio kilizidi hadi serikali kuu ya India ikaanzisha, mwaka 2021, namba za BH zisizofungwa na jimbo lolote, kwa ajili ya wanajeshi, watumishi wa umma na wafanyakazi wa kampuni zenye ofisi katika majimbo 4 au zaidi. Mchuuzi wa mboga anayehamisha pikipiki yake hakutajwa.

Marekani kila jimbo lina daftari lake. Anayehamia California ana siku 20 tu tangu awe mkazi kuandikisha chombo chake upya, na ni lazima mtu aliyeruhusiwa azione kwa macho namba zilizogongwa kwenye chuma azilinganishe na karatasi. Pennsylvania hukagua pikipiki kila mwaka. Texas iliacha ukaguzi wa usalama kwa vyombo visivyo vya biashara kuanzia Januari 1, 2025. Mwendeshaji mmoja, nchi moja, sheria tatu.

Kwa Waswahili mfano wa karibu uko ndani ya Muungano wa Tanzania. Pikipiki ya Bara huandikwa MC. Chombo cha Zanzibar huanza na Z. Madaftari ni mawili, na wakusanya kodi ni wawili. Anayetaka kukihamishia Dar es Salaam moja kwa moja chombo kilichoandikishwa Unguja hujikuta mbele ya meza ya kodi, na malalamiko hayo yamezungumzwa kwa miaka mingi pamoja na kero nyingine za Muungano. Kwa hiyo Mkenya anayelalamika kwamba makaratasi ya pikipiki yanamchosha ana haki yake, lakini shida yake si ya mpaka.

Shida yake ni jina.

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki kinasema chombo kikishauzwa hakiruhusiwi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi hajaandikishwa kuwa mwenyewe. Kifungu cha 8 kinaongeza kwamba anayeonekana katika usajili ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno ni mepesi. Lakini soko la pikipiki kuukuu haliendi kwa siku 14. Linakwenda kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wawili, nakala za vitambulisho, na ahadi kwamba “ile kazi ya logibuku”, yaani cheti cha usajili, “tutaimaliza Jumatatu.” Jumatatu hiyo haifiki. Mwaka unapita, mnunuzi anauza kwa mwingine kwa mtindo uleule, na pikipiki inayobeba abiria kati ya Garsen na Tarasaa inabaki kwenye daftari kuwa mali ya mtu wa Kisauni ambaye mnunuzi wa pili hajapata kumwona.

Tangu 2023 huduma za NTSA zilipohamia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuhamisha umiliki kunafanyika mtandaoni. Ni afueni kwa mkazi wa Tana Delta ambaye zamani angelazimika kupanga safari. Lakini mtandao una sharti lake: muuzaji ndiye anayeanzisha kazi kwa akaunti yake, kwa namba yake ya kodi, na mnunuzi anaikubali kwa yake. Muuzaji aliyebadilisha laini ya simu, aliyesafiri kwenda Ghuba au aliyefariki huifunga pikipiki kuliko kizuizi chochote cha polisi. Anayeuza kitu kilichoandikwa jina la mtu wa tatu hana hata cha kuanzisha.

Mkopo umelifunga fundo zaidi. Mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo, zile zisizozidi cc 250, na bodaboda zikafurika nchini. Baadaye wakaja wakopeshaji wa kulipa kidogo kidogo. Watu Credit, mmoja wao, ilianzia Mombasa mwaka 2015. Kijana asiye na akiba aliweza kuondoka na pikipiki mpya kwa malipo madogo ya mwanzo, na wengi wamejenga maisha kwa njia hiyo. Ila kwa kawaida jina la mkopeshaji hukaa kwenye usajili mpaka senti ya mwisho ilipwe. Aliyelemewa na deni, badala ya kuirudisha, hushawishika kuiuza mbali. Na kwa mtu wa Malindi au Mombasa, Garsen ni mbali kiasi cha kutosha. Mnunuzi wa Minjila anadhani amepata bei ya bahati. Alichokinunua ni deni lenye magurudumu mawili.

Madhara yake huonekana siku mbaya. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria chini ya Sura ya 405. Ikitokea ajali, kampuni ya bima inataka kujua pikipiki ni ya nani, polisi wanataka kujua hivyohivyo, na wakili wa aliyeumia anamfuata aliyeandikwa. Muuzaji wa miaka mitatu iliyopita, aliyesahau hata rangi ya ile pikipiki, anapokea wito wa mahakama. Ndiyo maana mwenye hekima anayeuza ana haraka ya kuhamisha jina kuliko anayenunua, ingawa sokoni mambo huonekana kinyume.

Ukaguzi nao una sura yake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Trafiki kinataka kila chombo kilichopita miaka 4 tangu kutengenezwa kipitie kwa wakaguzi. Ukaguzi wa kila mwaka umezoeleka kwa matatu, mabasi na malori, ambavyo bila stika yake haviendi mbali. Pikipiki, iliyo gari la umma la kila kijiji cha Delta, imepita pembeni. Mwaka 2024 NTSA ilipeleka mbele ya wananchi rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi zilizolenga kuvifikia pia vyombo vya binafsi vilivyopita miaka 4, na mjadala mkubwa ukawa juu ya magari ya Nairobi. Ya Garsen hayakutajwa sana.

Ni vyema kuyataja. Toka Garsen hadi Mombasa, palipo na kituo cha ukaguzi, ni zaidi ya kilomita 200. Mwenye basi hugawanya gharama ya safari hiyo kwa abiria 60. Mwanaboda angepoteza siku mbili za kazi, mafuta ya kwenda na kurudi, na malazi, ili mtu amwambie kwamba breki ya nyuma imelegea, jambo ambalo fundi wa pale steji angemwambia bure. Sheria inayotaka chombo kiende kwa mkaguzi ilitungwa na watu walioishi karibu na mkaguzi.

Na si kwamba hakuna cha kukagua. Njia za Delta hula pikipiki. Udongo mweusi wa mabondeni ukilowa hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Mchanga wa upande wa Kipini hutafuna mnyororo na sproketi. Keria zilizochomelewa kienyeji husukuma uzito nyuma mpaka tairi la mbele linakosa mshiko. Halafu yapo maji. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalifunika vipande vya barabara ya Lamu pale Lango la Simba, na kule juu yakaikata njia ya Garissa pale Kona Punda. Injini iliyokunywa maji ya mto mara nyingi haiponi. Inanunuliwa nyingine kuukuu, inafungwa, kazi inaendelea.

Hapo ndipo ukaguzi na usajili vinapokutana, na ni watu wachache sana wanaoliona. Namba ya injini ni sehemu ya utambulisho wa chombo. Ukibadilisha injini, unatakiwa uijulishe NTSA ili daftari lirekebishwe, na chombo kitazamwe. Fundi wa Garsen hajui hilo, au anajua na hasemi. Miezi sita baadaye pikipiki inasimamishwa, askari anainama na tochi, anasoma namba ya injini, anailinganisha na logibuku: haziendani. Kwa macho ya sheria, iliyofufuliwa baada ya gharika na iliyoibwa Likoni zinafanana kama mapacha.

Vizuizi vya njia hii haviwezi kueleweka bila historia yake. Mwaka 2012, kuanzia Agosti, mapigano ya Delta yaliua watu zaidi ya 100; kijijini Riketa pekee waliuawa zaidi ya 50 kwa siku moja. Julai 2014, wiki chache baada ya mauaji ya Mpeketoni kule Lamu, kituo cha polisi cha Gamba kilivamiwa. Julai 2017 serikali ilitangaza marufuku ya kutembea usiku katika sehemu za Garissa, Tana River na Lamu. Askari anayesimama barabarani huku hakusimama kwa ajili ya breki. Anatafuta silaha, anatafuta sura asiyoijua. Pikipiki, kwa kuwa inapita msituni pasipopita gari, ndiyo inayomtia wasiwasi kuliko vyote.

Kwa hiyo orodha ya kisheria anayotakiwa kuwa nayo mwanaboda, yaani leseni ya daraja la A3, bima, helmeti na jaketi ya kung'aa kwake na kwa abiria, abiria mmoja tu, husomwa kwa jicho la pili. Kitambulisho kinasema mwenyewe alizaliwa wapi. Lafudhi inasema mengine. Kinachovuka mpaka kwa shida si pikipiki, ni aliyeikalia. Chombo chenye tairi lililoisha meno kitapita kama mwenyewe anajulikana. Kipya kabisa, chenye karatasi zote, kitasimama nusu saa kama hajulikani.

Steji nayo ina forodha yake. Mwanaboda wa Malindi hawezi kuegesha Minjila asubuhi akapakia abiria hivihivi. Atatafuta mwenyekiti, atatoa kiingilio, atatafuta mwanachama wa kumdhamini, na ataambiwa asubiri zamu. Wengine wanauita huu ubaguzi. Lakini katika nchi ambamo abiria wa usiku hajui anampa nani roho yake, mdhamini anafanya kazi ambayo namba ya KM haifanyi: anasema huyu ni mtoto wa nani, na akipotea na mzigo tutamfuata wapi. Ada za kaunti huja baada ya hapo. Kila bunge la kaunti hupitisha sheria yake ya fedha kila mwaka, na risiti ya maegesho ya Kilifi, ikifika Garsen, ni karatasi ya kufungia njugu.

Serikali iliwahi kujaribu kuunganisha haya yote kwa amri. Machi 2022, baada ya kundi la waendeshaji kumdhalilisha mwanamke dereva katika barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wanaboda wote nchini waandikishwe upya. Msako ulianza kwa kishindo na ukasimamishwa baada ya siku chache. Mwaka uliofuata ulifika Seneti mswada wa kudhibiti usafiri wa pikipiki, ulioletwa na Boni Khalwale, seneta wa Kakamega, wenye wazo la kila kaunti kuwa na bodi yake ya usalama wa pikipiki na kuwaandikisha waendeshaji. Wanaboda wengi waliupinga kwa kuogopa ada na faini. Lakini swali gumu zaidi ni la jiografia.

Madogo iko Tana River. Ukisimama hapo na kutazama ng'ambo ya mto, mji unaouona ni Garissa, makao makuu ya kaunti nyingine. Kati yao kuna daraja na kilomita chache. Hospitali kubwa, soko kubwa la mifugo na benki viko ng'ambo. Baadhi ya wanaovitumia wanalala Madogo. Bodaboda wa hapo hubadilisha kaunti mara 20 kwa siku bila kujua. Mpe Garissa stika yake na Tana River yake, na huyo kijana atakuwa mgeni wa kulipishwa katika mji anaotazamana nao tangu azaliwe. Mfano huo upo pia kati ya Kipini na Witu, na kusini kati ya Garsen na mashamba ya upande wa Kilifi. Isitoshe, Garissa na Tana River wana mvutano wa miaka mingi juu ya mpaka wenyewe upite wapi. Karani wa bodi akisimamisha pikipiki mahali fulani kando ya mto, huenda mwendeshaji na karani wote wawili wakawa na hoja kwamba mwenzake ndiye aliyevuka.

Daftari moja la taifa, basi, ni neema ambayo Wahindi wanaitafuta kwa namba za BH na ambayo Kenya inayo tayari. Kuligawa vipande 47 ili kumjua mwanaboda ni kuharibu kilicho kizima. Kaunti ingefanya la maana zaidi ikishughulika na yale ambayo Nairobi haiyafikii. Mkaguzi aje Garsen na Hola kwa zamu, na vifaa vyake nyuma ya gari, siku ya soko ambapo pikipiki zipo zenyewe. Injini iliyobadilishwa baada ya mafuriko iandikwe palepale, kwa utaratibu wa msamaha wa muda, badala ya kuachwa iwe mtego wa rushwa barabarani. Na mafundi wa steji, ambao tayari ndio wakaguzi wa kweli wa Delta, wapewe mafunzo na muhuri.

Kuhusu jina, dawa haihitaji mswada. Inahitaji mnunuzi akatae kutoa pesa zote kabla ya kazi ya eCitizen kufanyika, na muuzaji asiondoke mpaka aone jina lake limetoka. Pale kwenye meza za kutuma pesa mjini Garsen, ambako wengi hukamilisha mauziano ya pikipiki, kuna simu na kuna mtu anayejua kuitumia. Kwa sasa anatoza kwa kutuma pesa tu. Akiulizwa, kabla ya kutuma, logibuku ya pikipiki hiyo inasema ni ya nani, ataweza kuangalia, na muuzaji atakuwa bado amesimama mbele yake.